Habari za Wakunga na Kipimo cha Mtoto katika Nchi ya Njombe

Neno mkunga hukaa jirani na neno kunga, wala ujirani huo si wa bure. Kunga ni mashauri ya siri, maarifa yasiyotangazwa barazani. Na mkunga ndiye mwanamke aliyekabidhiwa maarifa hayo kwa saa ya uzazi. (Yuko mkunga mwingine, naye ni samaki, tena mwenye meno makali, wanafunzi hucheka wakiyakuta maneno hayo mawili katika kamusi.) Mithali yasema, Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Watu wengi huifasiri kana kwamba kazi ya mkunga hukoma kitovu kikiisha kukatwa. Nia ya maneno haya ni kuonyesha kwamba kazi yake tangu zamani ilipita hapo. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumtazama mtoto na kusema kama anakua au hakui. Na kila alipopewa kipimo kipya, hukumu nayo ilibadilika, maana kipimo hakikosi kumtafuta mtu wa kulaumiwa kwa ajili ya mtoto asiyekua.

Nimechagua nchi ya Njombe na Makambako kwa sababu maalum. Mji wa Njombe uko juu karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake ya Juni na Julai huwashangaza wageni wa pwani. Mvua ni za kutumainiwa, na udongo wakubali mahindi, viazi, maharage, chai, na siku hizi maparachichi. Kiasi cha kilomita 60 kaskazini yake ni Makambako, ambako njia ya Songea huachana na barabara kuu ya Mbeya, na ambako reli ya TAZARA, iliyojengwa tangu 1970 hata 1975, ina stesheni. Magunia ya mahindi hupakiwa hapo kwenda kulisha miji ya mbali, na mtu apitaye njia hiyo hawezi kuwaza habari ya njaa. Walakini katika uchunguzi wa lishe wa nchi nzima uliofanywa mwaka 2018, katika kila watoto 100 wa Mkoa wa Njombe walio chini ya miaka mitano, karibu 54 walionekana wamedumaa, yaani kimo chao kilikuwa kifupi mno kwa umri wao. Hapakuwa na mkoa mwingine uliofikia hesabu hiyo. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 Njombe ilipata karibu 50 kwa mia, na Iringa jirani yake karibu 57, hali Tanzania yote ilipata 30. Tena pale ambapo nusu ya watoto ni wafupi, ufupi hauonekani. Mama humlinganisha mwanawe na mtoto wa jirani, akaona wako sawasawa, akashukuru.

Basi turudi nyuma kidogo tuone watu walipimaje kabla ya mizani.

Zamani mtoto hakuwa na tarehe. Alikuwa na matendo. Mtu akiulizwa umri wa mtoto alijibu kwamba ameota meno, ameketi, anatambaa, anasimama dede, anakwenda tete, ameachishwa ziwa, au amekwisha pata mdogo wake. Kiswahili kina utajiri mkubwa wa maneno ya daraja hizi, na walimu wa lugha wangefanya vema kuyakusanya, kwa kuwa vijana wa mijini wameanza kuyasahau. Dede ni kule kusimama kwa kwanza, mtoto akiyumbayumba. Tete ni hatua zake za kwanza. Hivyo tendo la mtoto lilikuwa ndiyo kalenda yake. Sisi leo tumegeuza: twaishika kalenda kwanza, kisha twauliza kama matendo yamefuata. Tofauti hii ni kubwa kuliko ionekanavyo. Mahali ambapo tendo ndilo umri, mtoto aliyechelewa kutembea hana njia ya kuhesabiwa kuwa amechelewa. Yeye ni mtoto wa kutambaa tu, hata kama wenzake wa msimu uleule wanakimbiza kuku. Aliyeweza kuukumbuka msimu alikuwa mkunga. Yeye aliwazalisha wanawake wa upande mzima, akajua nani alizaliwa wakati wa kupanda na nani wakati wa kuvuna, akaweza kuwapanga watoto kwa zamu zao. Kile ambacho waganga wa leo hukiita uchunguzi wa mapema wa makuzi kilikuwa na mzizi wake katika kumbukumbu ya mwanamke mzee.

Mkono wake pia ulikuwa na elimu. Aligusa utosi kuona kama umebonyea. Alitazama kama mtoto anashika ziwa kwa nguvu. Alijua kilio cha njaa na kilio cha ugonjwa. Ule uzi au ushanga uliofungwa kiunoni mwa mtoto mchanga, ambao wengi waliuona kuwa hirizi tu, mara nyingi ulikuwa pia kipimo: ukibana, mtoto amenenepa, na ukiteremka nyongani, pana shida. Siku hizi katika zahanati watoto huzungushiwa mkononi utepe wenye rangi, na mtoto wa miezi sita mpaka miaka mitano ambaye mkono wake haufiki sentimita 11.5 huhesabiwa kuwa katika hatari kubwa. Sidhani kwamba bibi wa zamani angehitaji kuelezwa sana maana ya utepe huo.

Lakini tusimpambe mkunga wa kale kupita kiasi. Katika mkono uleule uliopokea palikuwa na hukumu, na hukumu nyingine ilikuwa ya kutisha. Makamusi ya Kiswahili yalihifadhi neno kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, au aliyezaliwa na dalili nyingine isiyo ya kawaida, akadhaniwa kuwa mkosi kwa jamaa yake. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki mtoto wa namna hiyo zamani aliuawa au kutupwa. Huo nao ulikuwa uchunguzi wa mapema! Mtoto alitazamwa kwa makini, dalili ikaonekana, na neno likatamkwa na wazee wanawake. Ni vema walimu wakumbuke jambo hili wanaposikia watu wakisema kwamba kupima mtoto ni jambo jema kwa asili yake. Wema wa kipimo hutegemea yale yatakayofuata baada ya kupima.

Neno la pili, ambalo halijafa hata leo, ni kubemenda. Mtoto anyonyaye akikonda, akachelewa kutembea, nywele zikafifia na tumbo likavimba, watu husema amebemendwa: wazazi wamelala pamoja kabla ya wakati, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa, na uchafu wa tendo hilo umemwingia mtoto. Imani hii imeandikwa na wachunguzi katika makabila mengi ya Tanzania; kwa Wagogo imeelezwa kwa urefu na Mara Mabilia katika kitabu chake cha mwaka 2005. Twaweza kuicheka upesi, na tungekosa. Mwaka 1933 Dakta Cicely Williams, aliyefanya kazi katika Gold Coast ambayo leo ni Ghana, aliandika habari za ugonjwa wa watoto uliokuwa haujulikani kwa waganga wa Ulaya, na baada ya miaka miwili akaupa jina alilolisikia kwa wanawake wa Kiga, kwashiorkor, maana yake ugonjwa ampatao mtoto mkubwa azaliwapo mdogo wake. Watu wa Accra na watu wa nchi zetu, wasiojuana kabisa, walikuwa wameona jambo lilelile: mimba ikija upesi, yule aliye mgongoni hudhoofika kwa kunyimwa ziwa. Mwiko wa kubemenda ulilinda nafasi kati ya uzazi na uzazi. Ulichokosa ni sababu, na kosa la sababu lilizaa lawama. Mama mwenye mtoto aliyekonda hakuwa mama mwenye shida tu, alikuwa mtuhumiwa. Akamficha mtoto ndani. Mary Howard na Ann Millard, walioandika habari za Kilimanjaro mwaka 1997, walikuta aibu ya namna hiyo ikiwazuia wazazi kupeleka watoto kutafuta msaada, na kitabu chao wakakiita kwa majina ya njaa na aibu.

Wamisionari wa Berlin walipoingia katika nchi ya Wabena katika miaka ya 1890, walileta kitu ambacho hawakukifikiri kuwa chombo cha uganga, nacho ni kitabu cha ubatizo. Mtoto aliyeandikwa humo alipata tarehe. Kwetu sisi tuliozoea kujaza vitabu hivi jambo hili laonekana dogo, lakini bila tarehe hakuna kipimo cha makuzi kiwezacho kusimama. Kazi hiyo ilikatizwa kwa nguvu. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilifika mpaka kituo cha Yakobi karibu na Njombe, kikashambuliwa. Na baada ya vita ikaja njaa kali kusini mwa nchi. Uchunguzi uliofanywa kiasi cha miaka thelathini baadaye ulionyesha kwamba uzazi wa wanawake waliookoka njaa ile ulikuwa umepungua kwa zaidi ya robo. Katika miaka ya Waingereza wanaume wengi wa Njombe walikwenda kazi za mkataba katika mashamba ya mkonge, hasa upande wa Tanga, na shamba la nyumbani likabaki juu ya mgongo wa mwanamke. Neno hili natia mkazo, kwa sababu desturi ya mama kulima kutwa nzima, mtoto akiachwa na dada yake mdogo na kibuyu cha uji mwepesi, haikuanza jana.

Mizani ya watoto ilitoka mbali. Mwaka 1892 huko Paris Dakta Pierre Budin alianza kuwaita akina mama warudi hospitali na watoto wao kila mara ili wapimwe uzito. Desturi hiyo ikaenea, na hapa kwetu ilifika kwa njia mbili zisizofanana. Katika Kongo ya Wabelgiji kampuni ya machimbo ya shaba ya Katanga, katika kambi zilizosemwa Kiswahili, iliwapima watoto tangu miaka ya 1920, kwa kuwa ilitaka kizazi cha wafanyakazi. Na wakubwa wa nchi ile hawakuupenda mwiko wa kungoja miaka miwili au mitatu kati ya watoto, wakawahimiza wanawake kuachisha ziwa mapema. Kumbe mizani yaweza kutumikia shaba. Katika Tanganyika njia ilikuwa zaidi ya misioni: chumba cha uzazi, siku ya kliniki, na msichana aliyefundishwa ukunga akavaa nguo nyeupe. Hospitali ya Walutheri ya Ilembula, isiyo mbali na Makambako, na ile ya Wakatoliki ya Uwemba, zilikuwa kwa watu wengi wa Ubena mlango wa kwanza wa kukutana na mkunga wa namna hiyo.

Kadi ndiyo iliyobadilisha mambo. Dakta David Morley, katika kijiji cha Imesi-Ile nchini Nigeria katika miaka ya 1950, alitengeneza karatasi ambayo juu yake uzito wa mtoto huchorwa mwezi kwa mwezi mpaka ukawa mstari, na kadi akaachiwa mama aitunze. Maana yake ilikuwa kubwa. Uzito wa siku moja husema kidogo sana, lakini mstari husimulia. Mstari ukilala, hata kama mtoto angali anacheza, mkunga mwenye akili huuliza maswali siku ileile. Serikali ya Tanzania ilipoanzisha Taasisi ya Chakula na Lishe mwaka 1973, na ilipoanza katika miaka hiyohiyo kufundisha wasaidizi wa huduma za mama na mtoto kwa ajili ya zahanati za vijiji, kadi hiyo ikaingia nyumba kwa nyumba, ikiwa na rangi tatu, kijani, kijivu na nyekundu. Wanawake wasiojua kusoma waliisoma kadi hii vizuri.

Kisha ulikuja mpango ambao Njombe ina haki ya kujivunia, maana wakati huo ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Iringa. Tangu 1983 serikali, pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Ulimwenguni, kwa fedha za Italia, ilianza katika vijiji 168 vya mkoa kuwapima watoto wote kila miezi mitatu katika siku ya afya ya kijiji. Wazee wengi wanaikumbuka: mizani imetundikwa juu ya tawi au boriti, mtoto amevishwa suruali ya kitambaa, ananing'inia, analia, watu wanacheka. Lakini jambo jipya halikuwa mizani. Jambo jipya lilikuwa kwamba hesabu zilisomwa mbele ya halmashauri ya kijiji, na wanaume wakaulizwa, Kwa nini? Kwa mara ya kwanza kukonda kwa mtoto kuliondoka kitandani mwa mama yake kukafika barazani. Wakajadili kazi za wanawake shambani, umbali wa maji, pombe, idadi ya milo ya mtoto kwa siku. Kati ya 1984 na 1988 watoto wenye uzito pungufu katika vijiji hivyo walishuka kutoka karibu 56 kwa mia hata 38, na wale wa rangi nyekundu kutoka zaidi ya 6 hata chini ya 2 kwa mia. Mafunzo ya vijiji hivyo yakaingia katika mwongozo wa lishe ambao UNICEF ilitoa kwa ulimwengu mzima mwaka 1990. Kwa maoni yangu hakuna jambo lililotoka katika nyanda hizi likaenda mbali zaidi ya hilo.

Msomaji atauliza: ikiwa hivyo, yawezekanaje kwamba miaka thelathini baadaye nusu ya watoto wa Njombe wamedumaa? Kwanza asilinganishe hesabu zisizolinganika. Siku za Iringa zilipima uzito kwa umri. Hesabu za 2018 na 2022 ni za kimo kwa umri. Mtoto aliyekula ugali na uji wa mahindi akashiba aweza kuwa na uzito wa kuridhisha na mashavu mazuri, hali mifupa yake haikupata alichohitaji. Mizani haimwoni. Kudumaa tena huanza mapema kuliko watu wadhanivyo: mwingine huzaliwa tayari mfupi, kwa kuwa mama alichoka na kula vibaya wakati wa mimba, na wengine hupungukiwa kati ya mwezi wa sita na mwaka wa pili, wakati wa uji mwepesi na kuhara. Baada ya hapo ni vigumu kurudisha kilichopotea, na madhara yake hayaishi katika mguu tu, bali hufika mpaka darasani, kama walimu wajuavyo.

Juu ya hayo ukaja ugonjwa wa UKIMWI, ulioipiga Njombe kuliko mkoa wowote. Uchunguzi wa mwaka 2011 na 2012 ulionyesha kwamba katika watu wa miaka 15 mpaka 49 wa mkoa huu, 14.8 kwa mia walikuwa na virusi. Mtoto mwembamba akaanza kutazamwa tena kwa jicho la zamani. Jirani aliyekuwa akisema amebemendwa sasa alinong'ona neno jingine, na mama akapata sababu nyingine ya kutofika kliniki. Mkunga hapa alibeba mzigo mara mbili, kwa kuwa yeye ndiye aliyempima mama damu wakati wa mimba, na yeye ndiye aliyemwona mtoto akirudi. Ile kunga ya jina lake ilipata maana mpya, ya kutunza siri ya mgonjwa.

Mwaka 2006 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa vipimo vipya vya makuzi, vilivyopatikana kwa kuwafuatia watoto wa Brazil, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani walionyonyeshwa na kutunzwa vizuri. Ilionekana kwamba katika miaka yao ya kwanza watoto wa nchi hizo zote, wakitunzwa hivyo, hukua karibu sawasawa. Kwa hiyo hakuna tena nafasi ya kusema kwamba Wabena ni wafupi kwa asili. Mvulana wa miaka miwili aliyelazwa ubaoni hufikia kwa kawaida karibu sentimita 88. Asipofika 82 ahesabiwa kuwa amedumaa. Pamoja na vipimo hivyo zilitolewa daraja sita za mwendo, tangu kuketi bila kushikwa mpaka kutembea peke yake, na msomaji wa Kiswahili akizitazama atakutana na marafiki wa zamani: kutambaa, dede, tete. Kutembea peke yake kumepewa nafasi pana, tangu miezi minane na kidogo hata kumi na saba na nusu, na watoto wachache, kama wanne kwa mia, waliruka kutambaa kabisa wakasimama. Mkunga ajuaye hayo atawatuliza wengi na kuwashitua wachache wanaostahili kushituliwa.

Imebaki kazi ya mkono. Siku hizi wanawake wengi hujifungulia katika vituo. Mwaka 2022 walikuwa 81 katika kila 100 kwa Tanzania nzima, nao mwaka 2015 na 2016 walikuwa 63. Maana yake karibu kila mtoto hupita mikononi mwa mkunga aliyesoma, naye hurudi kwa chanjo mara kadhaa kabla ya mwaka kwisha. Nafasi ya kupima kimo ipo. Lakini ubao si kama mizani. Mtoto wa chini ya miaka miwili hulazwa chali, mkubwa husimamishwa, na kati ya vipimo hivyo viwili pana tofauti ya milimita saba kwa mtoto yuleyule. Mtu mmoja hushika kichwa kigusane na mbao, mwingine hunyoosha magoti na kusogeza kibao cha miguuni. Mtoto akijikunja, sentimita mbili zimepotea, na kwa sentimita mbili aliye mzima huandikwa kuwa amedumaa, au aliyedumaa akapita. Katika zahanati ndogo za vijiji vya Njombe, ambako mkunga huwa peke yake na foleni imefika nje, wa kumshika kichwa mtoto ni mama yake mwenyewe au bibi aliyemsindikiza. Huyo bibi, akiinama juu ya ubao, aweza kuwa ndiye aliyekuwa akizalisha kijijini kabla zahanati haijajengwa.